Miaka sita ya kudaka mipira Kanada, na mfuko wa karatasi wa mama

Jumapili moja baada ya ibada, mama mmoja Mkongomani alinishika mkono mlangoni. Mwanawe wa miaka 17 alikuwa amesimama nyuma yake, mrefu kama mlingoti. "Ndugu," akaniambia, "huyu anasema anataka kuwa kama wewe. Nikubali ama nikatae?" Kama mimi, yaani mchezaji wa kulipwa wa futiboli ya Kanada. Nilitafuta jibu la haraka nikalikosa. Tukaenda nyumbani kwangu, tukakaa hadi chai ikapoa mara mbili. Ninayoandika hapa ni yale niliyowaambia siku ile, pamoja na mengine ambayo mbele ya mtoto nilishindwa kuyatamka.

Kijana alikuja amejiandaa. Akanitajia Henoc Muamba, aliyezaliwa Kinshasa, akawa mchezaji wa kwanza kabisa kuchaguliwa katika mchujo wa ligi, pale timu zinapochagua wachezaji wapya kwa zamu, mwaka 2011, na Novemba 2022 akawa mchezaji bora wa fainali ya Grey Cup, kombe la ligi hiyo, siku Toronto ilipoishinda Winnipeg 24 kwa 23. Yote ni kweli, na mimi mwenyewe nilipiga vigelegele kama mwanamke. Lakini nikamwambia kwamba kwa kila Muamba mmoja tuko kina sisi wengi, tuliocheza miaka mitatu, minne, sita, kisha majina yetu yakabaki kwenye jedwali ambalo hakuna mtu analifungua. Mimi nilicheza mechi 61, nikadaka mipira 74, nikafunga mara nne. Hayo ndiyo maisha yangu yote ya futiboli.

Kwa wasioujua mchezo: futiboli ya Kanada na ya Marekani ni watoto wa nyumba moja. Mpira wenye ncha mbili, helmeti, mabega ya plastiki. Ila Kanada mko uwanjani 12 kwa 12, uwanja niliouchezea una yadi 110 kwa 65, na timu ina majaribio matatu tu ya kusogea yadi kumi, si manne. Majaribio yakiwa machache, mpira hurushwa sana, na mpokeaji, yaani yule anayekimbia mbele akaudaka, ana kazi nyingi. Tena mpokeaji anaruhusiwa kuanza kukimbilia mstari ambapo mpira umewekwa kabla haujachezwa, hivyo akiufikia tayari ana kasi kamili. Beki aliyetoka Marekani akikutana na jambo hilo mara ya kwanza hugeuka huku na huku kama aliyevamiwa na nyuki.

Mama yangu hakuwahi kuuelewa mchezo huu, wala hakujitaabisha. Alichokielewa ni karatasi. Sisi ni watu wa Fizi, Kongo. Mwaka 1996 tulivuka Ziwa Tanganyika nikiwa na miaka minne, tukafikia Nyarugusu, mkoani Kigoma, kambi ya wakimbizi ikiwa ndiyo kwanza inafunguliwa. Huko mama alikuwa na mfuko wa nailoni anaolala nao chini ya kichwa: karatasi ya mgao, kadi za chanjo, barua za ofisi, kila kitu chenye muhuri. Unga, maharage, mafuta na chumvi havikutolewa kwa njaa yako, vilitolewa kwa karatasi yako. Tulipofika Winnipeg mwaka 2003 mfuko ulikuja nao, na alipoapa uraia akatuapisha na sisi watoto siku ileile, akaviweka vyeti humo.

Sikujua kwamba cheti kile kingekuja kunipa kazi. Ligi ya Kanada ina sheria ya wazawa: enzi zangu kila timu ilitakiwa kuanza mechi na Wakanada wasiopungua saba. Kwa hiyo Mkanada anayecheza vizuri kiasi anaweza kumshinda Mmarekani anayecheza vizuri zaidi, kwa sababu tu nafasi ile ni ya Mkanada. Wengine huona aibu kulisema hili. Mimi sioni. Ukiwa na mtoto mwenye kipaji, uraia wake ushughulikieni mapema, kabla hata ya viatu.

Futiboli yenyewe niliipenda tarehe 20 Julai 2006, nikiwa na miaka 14, mbele ya televisheni ya jirani. Winnipeg walikuwa ugenini Edmonton, nyuma 22 kwa 19, zimebaki sekunde chache, mpira uko kwenye yadi yao ya kumi. Kevin Glenn akarusha, Milt Stegall akadaka, akakimbia hadi mwisho wa uwanja: yadi 100, na mchezo ukaisha 25 kwa 22. Jirani alimwaga bia kwenye zulia. Sikuelewa sheria hata moja, ila nilijua kukimbia, na kudaka nilikuwa nimezoea kwa sababu kambini nilikuwa golikipa wa mpira wa makaratasi.

Sekondari na chuo nitavipita haraka. Nilikuwa na kasi, nilikuwa na mikono, na makocha walinivumilia. Kosa la wakati ule ni moja: mwaka wa nne niliacha masomo matano bila kuyamaliza ili nijiandae kwa majaribio ya ligi, zile mbio za yadi 40, kuruka juu, kunyanyua ratili 225. Nilijiambia nitayamaliza baadaye. Masomo matano. Yalinichukua miaka saba.

Mei 2014 nilichaguliwa raundi ya tano. Nyumbani ikapikwa sombe na ndakala, watu wakajaa hadi kwenye ngazi. Mama akasubiri wageni waondoke ndipo akaniuliza, "Papa, hiyo kazi ya kupigwa-pigwa iko na karatasi?" Nikamwonyesha mkataba. Akaugeuza kurasa zote, akatafuta muhuri, akaurudisha. "Unasemaka nini?" Nikamwambia unasema nitalipwa dola 50,000, ndicho kilikuwa kima cha chini mwaka ule. Sikumwambia, maana sikuwa nimesoma hadi mwisho, kwamba mkataba wa ligi hii kwa kawaida haumlindi mchezaji. Timu inaweza kukuacha kesho asubuhi na deni lenu likaishia hapo.

Hesabu ya fedha iko hivi. Ule mshahara uligawanywa kwa mechi 18 za msimu, ambao enzi zangu ulianza Juni hadi mwanzoni mwa Novemba. Usipokuwa kwenye kikosi cha mechi, hupati fungu la mechi hiyo. Dola 50,000 kwa 18 ni kama 2,777, na makato yakishapita nilikuwa nabaki na chini ya 2,000. Mwaka wa kwanza nilikaa wiki sita kwenye kikosi cha mazoezi, ambako malipo yalikuwa mia chache kwa wiki, ndipo nikacheza mechi 12. Jumla, kabla ya kodi, sikufikisha 37,000. Kati ya hizo nilituma 11,000 Uvira, Kigoma na Nairobi.

Ndugu waliniona kwenye simu nimevaa helmeti, wakadhani ni ile ligi ya Marekani ya mamilioni. Kila wiki palikuwa na msiba, karo au paa lililoezuliwa na upepo. Sikuweza kusema hapana, na kusema kweli sikutaka: nilipenda kuitwa bosi. Machi uliofuata nilikuwa napakua mizigo kwenye ghala usiku, nadaiwa kodi ya nyumba. Mwaka wa pili nilifanya kile nilichopaswa kufanya tangu mwanzo. Nilimteua mjomba mmoja wa Kigoma awe mlango: kiasi kilekile, tarehe ileile, na mwenye shida aongee na mjomba. Kelele zilipungua kwa nusu. Mjomba alinichukia kidogo, lakini tumeshasameheana.

Sasa niseme kwa nini nilianzia kikosi cha mazoezi. Kwenye kambi yangu ya kwanza ya mazoezi, kocha wa timu maalumu, zile zinazoingia wakati wa kupiga mpira kwa mguu, aliniuliza, "Unajua kumwangusha mtu?" Nikajibu kwa kiburi cha kijana, "Mimi ni mpokeaji." Akaandika kitu kwenye daftari akaenda zake. Niliyoyajibu yalinigharimu zaidi ya dola 13,000.

Mpokeaji Mkanada anayeanza hali kwa kudaka, anakula kwa timu maalumu. Kocha akibaki na nafasi moja ya mwisho, huuliza nani ataweza kushuka mbio kumfuata mpokea punti, yaani mpira tuliowapigia wapinzani mbali kwa mguu. Na huko kuna sheria ya pekee ya Kanada: anayepokea punti hawezi kuinua mkono akaomba asiguswe kama Marekani, badala yake sisi tunaomkimbilia tunatakiwa kumwachia duara la yadi tano hadi auguse mpira. Unashuka yadi hamsini kwa kasi yote, kisha ghafla unapiga breki mbele ya mtu na kumsubiri. Mechi yangu ya kwanza nililivunja duara lile mara mbili. Kocha yule wa daftari hakunifokea. Alinipeleka uwanjani kesho yake, akachora duara kwa chaki, akanisimamisha ukingoni mwake kwa dakika kumi na tano kama mtoto aliyeadhibiwa shuleni. Sikurudia.

Nilipopata kucheza nafasi yangu nikagundua jambo jingine wasilokuambia. Uwanja wa Kanada ni mpana, na enzi zangu mpira ukiwekwa upande mmoja, ule mwingine ulibaki na yadi 41 hadi mstari wa pembeni. Mpokeaji wa mbali kabisa upande huo mpana, mara nyingi sana, ni Mkanada. Kwotabeki, yule mrushaji wa mpira, akitaka kukufikia inabidi arushe mbali, na wengi hawataki. Unakimbia njia yako kwa uaminifu mara thelathini, unaletewa mpira mara mbili. Ukidondosha mmoja, umedondosha nusu ya kazi yako ya siku. Kwa muda mrefu nililiona hili kama dharau. Akanisaidia mzee mmoja wa kikosi, mpokeaji mwenzangu: "Wewe si mdakaji anayesahaulika, wewe ni mkimbiaji anayemhamisha beki." Nilianza kumwangalia beki wangu badala ya kumlaumu kwotabeki, na mwaka 2015 nikawa na msimu wangu bora.

Mwaka 2016 ndio ninaouogopa kuuandika.

Kila kambi ya mazoezi kabla ya msimu unakalishwa mbele ya kompyuta, unapimwa kumbukumbu na wepesi wa akili, ili ukigongwa kichwa baadaye walinganishe. Chumbani palikuwa na ujanja uliojulikana: fanya vibaya makusudi, ili siku ukiumia tofauti isionekane. Nami nikafanya. Nilijiona mjanja. Sasa naona nilikuwa nimechukua mizani ya kunipimia na kuichakachua kwa mikono yangu.

Oktoba, kwenye baridi ambayo mpira unakuwa kama jiwe, niliruka kudaka katikati ya uwanja, bega la beki likanikuta kidevuni. Nilisimama. Nilirudi kwenye kundi. Nasikia nilicheza majaribio mengine tisa mechi ileile. Sikumbuki hata moja. Kocha wa wapokeaji aliniuliza kama niko sawa, nikainua kidole gumba. Kulikuwa na Mkanada mwingine kijana nyuma yangu mwenye njaa kama niliyokuwa nayo mwaka 2014, na picha yake ndiyo iliyonijibia.

Wiki iliyofuata timu yetu haikuwa na mechi, nikaruka kwenda Winnipeg. Usiku wa pili nilitapika mara tatu, na mwanga wa friji ulinichoma macho. Dada yangu alinipeleka hospitali kwa nguvu. Daktari alinichunguza, akasema ni mtikisiko wa ubongo, akaandika karatasi moja, akaniambia nimpe daktari wa timu na nisicheze hadi nipewe ruhusa. Nilipofika nyumbani niliikunja nikaitupa kwenye pipa la jikoni. Jumamosi iliyofuata nilicheza.

Watu huuliza ilikuwaje baadaye, wakitarajia hadithi ya kuzimia. Haikuwa hivyo. Ilikuwa ni kusahau jina la njia niliyoikimbia miaka mitatu. Kumfokea mama kwa sababu ya kelele za sufuria. Kukaa ndani ya gari kwenye maegesho ya duka, injini inawaka, dakika arobaini, bila kujua nilikuja kununua nini. Mchumba wangu alinivumilia hadi Pasaka, akaondoka, na sikumlaumu. Msimu wa 2017 nilidondosha mipira ambayo mdogo wangu angeidaka. Mwaka ule ligi na chama cha wachezaji waliondoa mazoezi ya kugongana kwa mavazi kamili katikati ya msimu. Uamuzi mzuri. Kwangu ulichelewa.

Mwaka 2018 niliumia bega, na safari hii nilisema palepale uwanjani. Likaandikwa, likapigwa picha, nikapasuliwa, na bili sikuiona. Msimu uleule tulikuwa tukizungumzia kesi ya Arland Bruce, mpokeaji mkubwa kuliko mimi mara ishirini, aliyeishtaki ligi kwa majeraha ya kichwa. Mahakama za British Columbia zilimwambia mgogoro wake uko chini ya mkataba wa pamoja wa wachezaji, uende kwa msuluhishi, na mwaka 2018 Mahakama ya Juu ya Kanada ikakataa kumsikiliza. Siku tulipoizungumzia, chumba kizima kilinyamaza. Nilirudi nyumbani nikautoa ule mkataba wa pamoja na kuusoma, kurasa zote, kwa mara ya kwanza. Ndipo nikafahamu kwamba nilipoingia ligi, tiba ya jeraha baada ya kuachwa ilikuwa na kikomo cha miezi 12, muda ambao ulikuja kuongezwa baadaye, na kwamba kila kitu kinategemea jeraha liwe limeandikwa siku lilipotokea.

Bega langu lilikuwa na faili nene. Kichwa changu hakikuwa na ukurasa hata mmoja.

Kwa hiyo kijana, nilimwambia yule mrefu, kila ukitibiwa omba nakala siku hiyohiyo, na uwe na daktari wako asiyelipwa na timu. Ukigongwa kichwa, sema. Ukiona huwezi kusema kwa sababu ya nafasi yako, mpe mtu mmoja wa nyumbani ruhusa ya kukusemea, na mkubaliane kabla msimu haujaanza, ukiwa na akili timamu. Kuhusu mkataba: bonasi iombe ilipwe siku ya kusaini. Mimi yangu ya dola 10,000 iliandikwa ilipwe tarehe 1 Februari 2020. Nilipigiwa simu Januari 30, nimepanga foleni dukani na mfuko wa unga wa mhogo mkononi. Meneja wa timu, ambayo sitaitaja, alinishukuru kwa mchango wangu, simu yote chini ya dakika mbili. Wakala wangu alisema ni kawaida, na ni kawaida kweli. Angeniambia siku ya kusaini.

Nilisubiri timu nyingine initafute. Ikaja korona. Agosti 2020 ligi ikafuta msimu wote, na Grey Cup haikuchezwa kwa mara ya kwanza tangu 1919. Sikuwahi kuaga. Sikuwa na mechi ya mwisho niliyojua kwamba ni ya mwisho. Kwa miezi kadhaa nilikuwa naamka saa kumi na moja alfajiri kufanya mazoezi ya kazi ambayo haipo, na ninamwambia kila anayeuliza kwamba nina mazungumzo na timu. Hakukuwa na mazungumzo. Kilichonitoa ni yale masomo matano. Niliyamaliza mwaka 2021 kwa mtandao, kwenye meza ya jikoni kwa mama, nikiwa na miaka 29 na nikiandika maelezo ya kila somo mara mbili kwa sababu sikuyaamini tena masikio yangu. Sasa nafundisha mazoezi ya viungo sekondari, na jioni nawafundisha watoto kudaka.

Maumivu ya kichwa yaliporudi kwa nguvu, nilipata miadi kwa daktari wa neva. Akauliza: ulianza kuumia lini, na kuna kumbukumbu yoyote? Niliandika kuomba faili langu. Likaja: bega, msuli wa paja, vidole viwili, bega tena. Oktoba 2016 walikuwa wameandika "hana malalamiko". Hawakudanganya. Ni mimi nililiweka neno hilo kwenye faili.

Jioni ile nilimweleza mama, nusu nikicheka ili asione. Hakusema kitu. Alikwenda chumbani, akarudi na mfuko. Si ule wa Nyarugusu, huo ulishachanika. Ni mfuko wa duka, ila umefungwa fundo lilelile. Akatoa vyeti vya uraia, kadi zetu za chanjo za kambini, risiti za redio aliyoiuza, tiketi ya mechi yangu ya kwanza. Chini kabisa palikuwa na karatasi moja iliyokunjamana kisha ikanyooshwa kwa pasi, ina doa la mafuta ya mawese pembeni. Tarehe ya Oktoba 2016, jina langu, saini ya daktari.

"Hii ulitupa," akaniambia. "Mie sikujua inasemaka nini. Niliona iko na muhuri."